Tupeane uzoefu: tunaoishi na moyo uliochoka, hapa Bukavu

Papa wa Nguba: Ndugu zangu, jana nilimkuta mzee ameketi kwenye ngazi za Kadutu akitweta, nikamwonea huruma, kwa kuwa mimi pia nimeambiwa kwamba moyo wangu hausukumi damu inavyopasa, ndiyo maana maji hujaa miguuni na mapafuni. Wenzangu, mnavipandaje vilima vyetu?

Mama Bagira: Pole, Papa. Marehemu mume wangu alikuwa akilala ameegemea ukuta.

Dada wa Kadutu: Yangu ilianza baada ya kumzaa kifungua mimba wangu. Nilikohoa usiku kucha, nikilala chali pumzi inakata, na miguu ilivimba hata ukiiminya kwa kidole shimo linabaki. Shangazi akasema nimelishwa karuho, yaani sumu ya kienyeji, nikapelekwa kwa mganga na kunyweshwa dawa ya kutapisha hadi nikaishiwa nguvu. Usiku huohuo povu lenye rangi ya damu lilinitoka kinywani, na kwa kuwa gari halifiki kwetu, mashemeji walinibeba mgongoni kwa kupokezana hadi barabarani, nami kila walipotaka kunilaza wapumzike nilipiga kelele waniketishe. Hospitalini nilitiwa oksijeni na kuchomwa sindano ya Lasix, dawa ya kukojoza, nikakojoa hadi alfajiri. Ekografi, kipimo cha kupiga picha ya moyo, ilionyesha moyo umetanuka. Daktari alieleza kwamba ugonjwa huu huwapata baadhi ya wanawake kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi 5 baada ya kujifungua, akanionya nisishike mimba nyingine kabla ya kumwona. Wakwe zangu hawajalikubali neno hilo hadi leo.

Kijana wa Essence: Dada, karuho ipo. Usiwafanye watu waidharau.

Muuguzi mstaafu: Iwepo au isiwepo, kumtapisha mtu asiyeweza kupumua ni kumsogeza kaburini. Anayevimba miguu apimwe kwanza moyo, figo na ini, kisha mtabishana.

Mama Bagira: Na hao wakwe wazae wao!

Papa wa Nguba: Nawashukuru, lakini mimi niliuliza kuhusu vilima.

Yaya wa Muhumba: Anza na sahani, Papa. Makayabu, wale samaki wa chumvi, yaache kabisa, pamoja na vile vidonge vya kukolezea mchuzi.

Kijana wa Essence: Mama yangu huyaloweka tangu jioni, na bado anadunda.

Muuguzi mstaafu: Chumvi haitoki yote, kijana. Nunueni mizani, mjipime kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, rudi kwa daktari usingoje kuvimba. Tena msimeze ibuprofen wala diclofenac kwa maumivu ya magoti, kwa sababu huyafanya maji yabaki mwilini.

Yaya wa Muhumba: Anayetumia Lasix ale ndizi nyingi, kwa kuwa dawa hiyo huondoa potasiamu.

Muuguzi mstaafu: Akiwa anameza na spironolactone, dawa nyingine ya kukojoza ila hii hubakiza potasiamu, potasiamu huweza kupanda hadi kuuvuruga moyo. Apimwe damu kabla ya kufukuzana na ndizi.

Dada wa Kadutu: Papa, mimi hupanda polepole asubuhi, hupumzika kabla pumzi haijaisha, na siku ya safari ya Uvira humuuliza daktari saa ya kumeza dawa ya kukojoza, maana dereva hasimami.

Mama Bagira: Panda pikipiki, Papa. Vilima waachie motari.