Testosteroni imesoma kawaida lakini ndevu zinaota: hii ni PCOS (ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi) au siyo?

Kipepeo: Habari zenu wapendwa. Miaka 27, hedhi huja baada ya siku 50 hadi 70, na kidevuni naota nywele ngumu. Majibu: LH 12, FSH 5 (homoni za ubongo zinazoendesha ovari), testosteroni (homoni ya kiume) ya jumla 1.6 nmol/L. Nimeambiwa testosteroni iko sawa ila LH imezidi FSH. Natumia pia vidonge vya biotini (vitamini) vya kukuza nywele. Nishike lipi?

Mtu wa Maabara: Dada, anza na hiyo biotini. Vipimo vingi vya homoni vina biotini ndani ya vitendanishi vyake (kemikali za kupimia). Ikijaa kwenye damu, testosteroni inaweza kusoma juu na TSH (homoni inayoendesha tezi ya shingoni) ikasoma chini. Iache angalau siku 2, au zaidi kama dozi ni kubwa, kisha urudie vipimo asubuhi.

Safari hii omba na SHBG, maana hapo ndipo penye jibu lako. Ni protini ya ini inayoishika testosteroni, na iliyoshikwa haifanyi kazi. Insulini ikipanda, ini hutoa SHBG kidogo; jumla inabaki ya kawaida huku iliyo huru ikiotesha ndevu. Gawanya jumla kwa SHBG, zidisha kwa 100. Kwa 1.6 yako, SHBG ya 60 inatoa 2.7, ya 20 inatoa 8. Wengi huanza kushuku ikipita 5.

Muuguzi Pwani: LH na FSH achana nazo, uwiano wake si kigezo. Vigezo vya Rotterdam vya 2003 vinataka viwili kati ya vitatu: hedhi kuvurugika, homoni za kiume kuzidi (kwa dalili au kwa damu), ovari zenye vifuko vingi. Viwili tayari unavyo, ila kwanza yaondolewe mengine: mimba, TSH, prolaktini (homoni ya maziwa), na 17-OHP (homoni ambayo mwili huitumia kutengeneza nyingine) ya asubuhi, siku ya 2 hadi 5 ya hedhi. Hiyo ya mwisho ikizidi 6 nmol/L, tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zichunguzwe.

Zawadi: Na anayemeza vidonge vya majira?

Mtu wa Maabara: Vinapandisha SHBG na kushusha testosteroni, kwa hiyo majibu hayasomeki. Aache miezi 3 kwanza, atumie kinga nyingine isiyo ya homoni.

Muuguzi Pwani: Kipepeo, sukari usiiache: unakunywa glukosi gramu 75 ukiwa umefunga, unapimwa baada ya saa 2. Kuanzia 7.8 mmol/L si salama. Na hedhi ikipita siku 90 bila mimba, muone daktari akupe projestini (dawa ya homoni) ili hedhi ishuke. Ukuta wa kizazi ukizidi kunenepa ndiyo njia ya saratani.