Data za pamoja zikae wapi: /home, /data au /srv?

Mleta hoja:
Wakuu, nisaidieni, ubishi huu umenishinda ofisini.

Tuko saba hapa Mwanza, tunaingiza takwimu za samaki kutoka mialo ya Igombe, Kayenze na Ukerewe: kilo za sangara, ndoo za dagaa, bei ya siku. Seva ni moja, ya Linux, iko chini ya meza jirani na ndoo ya maji ya kunywa (nimesema mpaka basi). Mafaili yote yalikaa kwenye /home (folda binafsi ya mtumiaji) ya mwenzetu aliyeanzisha kazi. Alipohama, aliyesafisha akaunti akapiga userdel -r (amri ya kufuta akaunti pamoja na folda yake), folda ikaondoka na mwenyewe. Tukabaki na kiungo /data/samaki, njia ya mkato iliyoelekea kwenye folda ile: jina jekundu kwenye ls (amri ya kuorodhesha mafaili), ukilifungua hola. Bakapu ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Tukarudi kwenye madaftari yenye magamba.

Msimamo wangu ni /srv. Mwongozo wa FHS, unaoelekeza mpangilio wa folda za Linux, uliiingiza kwenye toleo la 2.3, mwaka 2004, iwe makazi ya data ambazo mashine inawahudumia watu. Ndani yake nianze na mwaka, kisha mwalo: /srv/samaki/2023/kayenze. Mwaka ukifungwa naondoa ruhusa ya kuandika, hakuna wa kuchezea hesabu.

Wa Nyakato:
Mkuu, FHS yenyewe inakiri haina muafaka kuhusu mpangilio wa ndani ya /srv. Mimi natumia /data, mgeni akiingia anaiona bila kuuliza. Katazo la kujiongezea folda kwenye mzizi (/, folda ya juu kabisa) ni la programu, si la fundi mwenye seva yake. Halafu hapo kwenye mwaka umekosea: anayeruhusiwa Igombe tu utampa ruhusa upya kila Januari? Anza na mwalo.

Wa Pasiansi:
Mnagombania jina la chumba na mlango hauna kitasa. Iwe /srv au /data, bila chmod 2775 (amri ya kuweka ruhusa za folda) kila faili jipya litabeba kikundi cha watumiaji cha aliyeliandika. Ile s kwenye rwxrwsr-x, ruhusa hizo zinavyoonekana kwenye ls, ndiyo inayolirithisha kikundi cha folda. Na umask (ruhusa zinazopunguzwa kwenye faili jipya) ikiwa 022 wenzako watasoma tu, waiweke 002. Kuna mtego mwingine: mtu akiandaa faili kwenye /home yake kisha akalileta kwa mv (kuhamisha), linakuja na kikundi chake cha zamani. Atumie cp (kunakili).

Mleta hoja:
Hiyo ya mv! Mwezi mzima dada wa Kayenze analalamika faili halifunguki, nami namwambia aingie upya. Nimeangalia sasa hivi, mafaili kumi na moja yana kikundi cha mtu mmoja. Nimeyarekebisha kwa chgrp, amri ya kubadili kikundi.

Mwalo kwanza, nimekubali. /data bado sijakubali.