Tupeane uzoefu: ulibadilisha nini ndani ya kompyuta ndipo kuhariri video kukawa rahisi?

Mpigaji_Rongai
Wadau, hamjambo? Kila mtu akiuliza hapa anunue mashine gani ya kuhariria video, jibu ni moja: "Tafuta i7." Sasa i7 (prosesa ya Intel) ya kizazi cha 4 na i7 ya kizazi cha 12 zinashirikiana jina tu, ila pale Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme Nairobi, zote zinapigiwa debe kwa sauti moja. Walionunua kwa pesa zao watuambie: uliongeza nini, na kazi ikawa nyepesi wapi? Taja programu na aina ya klipu, tafadhali. Anayekata video za simu na anayekata 4K ya kamera hawaugui ugonjwa mmoja.

Mama_Ruracio
Mimi ni harusi na ruracio (sherehe za mahari), nahariri kwa Premiere ya Adobe, HD ya kawaida. Laptopu yangu ni ex-UK, ilikuja na RAM ya GB 8. Nikifika kwenye hotuba za wazee, muziki chini yake na kivinjari kiko wazi, inaganda. Fundi alifungua kifuniko cha chini, akakuta nafasi ya pili iko tupu, akachomeka GB 8 nyingine. Kuganda kukaisha. Tena laptopu isiyo na kadi yake ya grafiki hukopa RAM hiyohiyo kwa ajili ya picha, kwa hivyo vipande viwili vikifanya kazi sambamba, picha nazo zinapata nafuu. Lakini msidanganywe: muda wa kutoa video ya mwisho haukupungua sana. Adobe wenyewe wanapendekeza GB 16 kwa HD na 32 kwa 4K.

Mkataji_Kasarani
Yangu ni kisa. Niliundiwa kompyuta ya mezani: Core i5 ya kizazi cha 12, kadi ya grafiki ya NVIDIA RTX 3060, RAM GB 32. Gemu zinaruka vizuri. Nikaweka klipu za kamera, H.265 (mbinu ya kubana video) ya biti 10, 4:2:2 (yenye taarifa nyingi zaidi za rangi), nikabonyeza kucheza: fremu mbili, inasimama, fremu mbili, inasimama. Kufungua Task Manager, kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha mzigo wa mashine, prosesa iko asilimia 100, kadi imekaa tu.

Kumbe chipu ni i5-12400F. Hiyo F maana yake haina grafiki ya ndani, na kwa Intel grafiki ya ndani ndiyo yenye Quick Sync, ile sehemu inayofumbua video zilizobanwa za H.264 na H.265. Tangu kizazi cha 11 inafumbua hata H.265 ya 4:2:2 ya biti 10. Kadi za NVIDIA za kabla ya RTX 50 hazifumbui 4:2:2, ziwe za bei gani. Basi mzigo wote ukawa wa prosesa. Na H.265 haihifadhi kila fremu nzima. Nyingi ni tofauti tu na fremu jirani, kwa hivyo ukiruka katikati ya klipu mashine inajenga upya kadhaa ndipo ikuonyeshe moja.

Kwa muda nilikuwa natengeneza proksi (nakala nyepesi za kuhariria) za ProRes usiku, diski inajaa mpaka kero. Mwishowe nikaongeza pesa kidogo nikabadilishana na 12400 isiyo na F. Madabodi ileile. Kama hamuioni grafiki ya ndani, iwasheni kwenye BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka. Kadi ikiwepo, wakati mwingine huzimwa. Sasa 4K inateleza bila proksi.

Sauti_ya_Ibada
SSD. Kamera tatu za ibada kwenye diski ya kuzunguka, kichwa chake kinahangaika kati ya faili tatu. Nilipohamia SSD, basi. Angalieni tundu pia: USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60 kwenye karatasi, na kazini hufiki hapo. Kuna watu wanachomeka SSD ya nje kwenye tundu jeusi na la bluu, la USB 3, liko tupu pembeni!

Rangi_RiverRoad
Kwa DaVinci Resolve (programu ya kuhariri na kurekebisha rangi) hesabu kumbukumbu ya kadi yenyewe, siyo RAM. Nahariri video za muziki zilizopigwa usiku, chenga tele. Kadi yangu ni ya GB 4, na nikiweka kusafisha chenga kwenye 4K naambiwa kumbukumbu ya GPU, yaani ya kadi, imejaa. Nashusha taimlaini hadi 1080, natoa 1080. Wateja wangu wanatazama kwenye simu, sijasikia aliyelalamika.

Mgeni_Ngara
Wakubwa shikamoo. Laptopu yangu i5 inaanza vizuri, baada ya muda inakokota hata klipu za simu. Nina elfu nane. Niongeze RAM?

Mkataji_Kasarani
Marahaba. Usinunue kitu bado. Chomeka chaja kwanza, maana laptopu nyingi hupunguza nguvu zikiwa kwenye betri. Stima ikipotea katikati ya kurenda (kutoa video ya mwisho) utaliona hilo. Kisha cheza pale inapokokota, na uangalie kasi ya CPU kwenye Task Manager. Ikiwa inashuka joto likipanda, hiyo mara nyingi ni vumbi na pasti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa.

Mgeni_Ngara
Chaja iko. Ilianza GHz 3.1, sasa hivi inasoma 1.2, na hapa chini siwezi kuweka mkono. Kesho iko kwa fundi.