Mjadala: Dallas ilikosea kumtoa Luka, au ilikosea kumuuza kwa mnunuzi mmoja?

Muanzisha mada, Kikwajuni

Wanakikapu wa Unguja na Pemba, asalaam alaykum. Kila Februari ikifika, dirisha la kubadilishana wachezaji NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, likikaribia kufungwa, ubishi huu huanza upya na hauna mwisho. Nauweka hapa wazi, kila mtu aseme lake.

Kwa asiyefuatilia: Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, siku nne kabla ya dirisha kufungwa, khabari ilitufikia saa mbili na kitu asubuhi, watu wako na chai. Dallas Mavericks imempeleka Luka Dončić Los Angeles Lakers. Luka wa miaka 25, aliyeifikisha Dallas fainali ya 2024 na kumaliza msimu ule akiwa mfungaji bora wa ligi, wastani wa pointi 33.9. Wengi walidhani akaunti ya Shams Charania wa ESPN, aliyeitoa khabari, imedukuliwa. Luka aliondoka pamoja na Maxi Kleber na Markieff Morris. Dallas ikapata Anthony Davis, miaka 31, kijana Max Christie, na chaguo moja la raundi ya kwanza la Lakers, la mwaka 2029 (yaani zamu ya kuchagua kijana mpya kwenye drafti, mgao wa wachezaji wapya wa ligi). Utah Jazz ikaingia kati kumchukua Jalen Hood-Schifino na machaguo mawili ya raundi ya pili.

Mie sigombani na wazo la kumtoa. Meneja mkuu, Nico Harrison, alisema anaamini ulinzi ndio unaoleta ubingwa. Ilisemwa pia kwamba uongozi hauridhiki na Luka anavyoutunza mwili wake, na kiangazi alikuwa anasubiriwa na mkataba wa miaka mitano wa kama dola milioni 345. Sawa, meneja analipwa aamue. Ninachogomba nacho ni namna alivyokwenda sokoni, kwa sababu hakwenda. Januari alikaa na Rob Pelinka, meneja mkuu wa Lakers, wakanywa kahawa pale Dallas, na mazungumzo yakabaki baina yao mpaka mwisho. Timu nyengine zilijua tulipojua sisi.

Na aliuza rahisi. Ushahidi wa hilo kautoa Pelinka mwenyewe. Tarehe 5 Februari, hata wiki haijatimia, Lakers walikubaliana na Charlotte Hornets kumchukua senta Mark Williams. Walitoa nini? Dalton Knecht, Cam Reddish, chaguo la raundi ya kwanza la 2031, na haki ya kubadilishana machaguo ya 2030 (mwenye haki hiyo huchukua lililo bora). Biashara ile ilivunjwa tarehe 8 kwa sababu ya vipimo vya afya vya Williams, lakini hilo pembeni. Tazama hilo chaguo la 2031. Pelinka alikuwa nalo mfukoni siku anamchukua Luka, akaondoka nalo, kisha akakubali kulitoa kwa senta ambaye nusu yetu hapa hatumjui. Siku ile ya Luka, Knecht naye alibaki. Austin Reaves, mchezaji wao mwengine mzuri, alibaki. Mtu amekuja kununua bora ya bidhaa iliyopo sokoni na amerudi na chenji.

Haya, semeni.

Mpemba wa Wete

Yakhe, unazungumza kama kwamba kila kitu kinapandishwa mnadani. Siri ndiyo iliyokuwa mtaji wa Harrison. Ingevuja Jumatatu, Jumanne mashabiki wangekuwa nje ya uwanja, wenye timu wangeogopa, na Luka na wakala wake wangeanza kupiga simu. Wangeiambia kila timu isiyowapendeza: mkimchukua, 2026 anaondoka bure. Kwa sababu mkataba wake ulikuwa unampa ruhusa ya kuwa huru kiangazi cha 2026. Nani angetoa machaguo manne kwa mchezaji wa msimu mmoja na nusu?

Sisi tumezoea mpira wa miguu, ndiyo maana hatulioni hili. Fei Toto alipokorofishana na Yanga, hata baada ya shirikisho kusema bado ni mchezaji wao, mwisho ilibidi klabu ikubali kumuuza Azam, 2023. Huku kwetu mchezaji lazima akubali anakokwenda. NBA hawamuulizi, ila wale wachache sana walioandikiwa kifungu cha kukataa. Anaamshwa usiku anaambiwa funga begi. Lakini nguvu yake iko kwenye mkataba unaofuata, na hiyo ndiyo Harrison aliyokuwa anaikimbia. Ukifungua soko, unampa mchezaji usukani.

Halafu Lakers walipata nini? Raundi ya kwanza tu, Minnesota 4-1, wakarudi nyumbani.

Muanzisha mada, Kikwajuni

Sheikh wangu wa Wete, hoja ya mkataba ina uzito, lakini tazama kilichotokea. Agosti 2025 Luka huyo huyo, aliyepelekwa bila kuulizwa, alisaini Lakers nyongeza ya miaka mitatu, dola milioni 165. Utaniambia ni Lakers, kila mtu anapataka. Haya, lakini kuuliza timu mbili tatu kimya kimya si kufungua soko. Mameneja wanapigiana simu kila siku na mengi hayavuji. Baina ya kutangaza kwa spika na kunong'ona na mtu mmoja kuna nafasi kubwa, na Harrison hakuitumia hata kidogo. Pelinka alipojua kwamba hakuna mwengine anayejua, kwa nini aongeze hata senti?

Dada wa Jang'ombe

Nyote wawili mnapita pembeni. Mnabishana bei ya kitu kisichouzwa.

Mie ni Dallas tangu enzi za nyota wao Dirk Nowitzki, na nitawaambia nilichokiona. Mechi ya kwanza ya Davis, dhidi ya Houston: pointi 26, ribaundi 16, asisti 7, bloku 3, nikaanza kulainika moyo. Robo ya tatu akashika kinena, akatoka. Msimu ule wote alitucheza mechi 9. Ramadhani ikaingia, tukawa tunatazama Dallas na daku mbele, na hapo hapo mwanzo wa Machi Kyrie Irving akakatika kano ya goti. Tukaishia ushindi 39 na vipigo 43, Memphis wakatumaliza kwenye mechi za kuwania nafasi ya mtoano. Tarehe 9 Aprili Luka karudi Dallas na jezi ya Lakers, kalia wakati wanamuonesha video ya kumuaga, kisha katupiga pointi 45. Watu uwanjani wanaimba Nico afukuzwe. Novemba 2025 kafukuzwa kweli, timu ina ushindi 3 na vipigo 8.

Sasa mnataka kuniambia chaguo la 2031 lingeniponya?

Mkulima wa Mtambwe

Sisi wa karafuu habari ya mnunuzi mmoja hatuhitaji kusomeshwa na Marekani. Kisheria karafuu tunaiuzia ZSTC peke yake, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Unapeleka kituoni, inapimwa, inatazamwa unyevu na daraja, unaambiwa bei, unalipwa. Hapo hakuna mazungumzo. Mazungumzo yanataka uwepo mlango wa pili, hata kama hutoki kwa mlango huo. Ndiyo maana enzi zote wapo waliohatarisha roho kuvusha kwa magendo usiku kwenda Mombasa: siyo kwamba wanapenda bahari, wanatafuta mlango wa pili. Harrison alikuwa na milango ishirini na tisa, akabisha hodi mmoja.

Mpemba wa Wete

Mzee wangu wa Mtambwe, shikamoo. Mfano wako mzuri lakini umenisaidia mimi. Mkulima hana la kufanya, msimu ukipita karafuu inabaki ghalani. Harrison aliweza kunyanyuka mezani wakati wowote, na Pelinka analijua hilo. Uwezo wa kusema "basi, nabaki na Luka wangu" ndio mlango wa pili.

Muanzisha mada, Kikwajuni

Ungekuwa mlango kama Pelinka angeamini kwamba atapita. Mtu aliyekufuata yeye mwenyewe akakwambia chukua nyota wangu, kwa siri, hata LeBron, nyota wako, asijue, huyo keshakuonesha kwamba kubaki na Luka hataki.

Mwalimu wa skuli, Chake Chake

Naomba niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu nyote mnahukumu mapema.

Tarehe 1 Februari 2008, Memphis Grizzlies walimtoa Pau Gasol kwenda Lakers, hao hao. Walipewa Kwame Brown, Javaris Crittenton, Aaron McKie, machaguo mawili ya raundi ya kwanza, na haki za kijana mmoja mnene aliyekuwa anacheza Hispania. Memphis walichekwa. Lakers wakaenda fainali mwaka ule ule, na 2009 na 2010 wakabeba ubingwa. Yule kijana mnene alikuwa Marc Gasol, mdogo wake Pau. Mwaka 2013 akawa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima.

Na Memphis hawa wana biashara nyengine inayotuhusu sisi Watanzania moja kwa moja, na nashangaa hakuna aliyeitaja. Hasheem Thabeet. Futi 7 na inchi 3, wa pili katika drafti ya 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Sote tulifurahi, visiwani na bara. Tarehe 24 Februari 2011, siku dirisha linafungwa, Memphis walimtuma Houston pamoja na DeMarre Carroll na chaguo la raundi ya kwanza, wakachukua Shane Battier na Ish Smith. Ukisoma karatasini: umetoa namba mbili ya drafti ambaye hajamaliza misimu miwili, ukaongeza na chaguo juu, ukapata mlinzi wa miaka 32 ambaye mkataba wake unakwisha baada ya miezi michache. Na kweli msimu ulipokwisha Battier akaondoka, Desemba 2011 akaenda Miami.

Lakini kabla ya kuondoka: Memphis wameingia mtoano wakiwa wa nane, wamekutana na San Antonio Spurs walioongoza Magharibi. Mechi ya kwanza, ugenini, zimebaki sekunde 24 hivi, Memphis wako nyuma kwa pointi mbili. Mpira unamfikia Battier nje ya mstari, anatupia, tatu. Wakashinda 101 kwa 98. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya klabu ile, na wakawatoa Spurs 4-2. Memphis walijua walichokuwa wanakitafuta: mtu wa kumkaba mfungaji wa timu nyengine na kutia mpira wa pembeni. Walilipa ghali, wakakipata.

Iliniuma kwa Hasheem, lakini kwa Memphis ilikuwa biashara safi.

Kijana wa Michenzani

Mwalimu kamaliza. Na Dallas mbona mnasahau Cooper Flagg? Bila kumtoa Luka hawashuki, wasiposhuka hawapati namba moja ya drafti ya 2025. Nico kaacha timu na nyota wa miaka 18. Hesabu hiyo muiweke pia.

Dada wa Jang'ombe

Mwanangu wee, Dallas iliingia kwenye bahati nasibu ya drafti, kura inayoamua nani achague kwanza, ikiwa na nafasi ya asilimia 1.8 ya kupata namba moja. Ukimsifu Nico kwa hilo, msifu na aliyeangusha pochi njiani akaokota ya mwengine.

Muanzisha mada, Kikwajuni

Dada kanisaidia kwa Flagg, nabaki na Mwalimu. Mifano yako miwili, Mwalimu, ukiitazama vizuri inasimama upande wangu. Mwaka 2011 Memphis hawakuwa na cha kujivunia mkononi. Hasheem alikuwa hachezi, kila meneja anajua, ndiyo maana iliwabidi waongeze chaguo ili Houston wakubali. Aliyeuza kwa unyonge akalipa bei ya mnyonge, haki yake. Harrison alikuwa na mchezaji ambaye timu zote ishirini na tisa zingeamka usiku kumzungumzia, na bado akatoka na bei ya mnyonge. Na ya 2008, angalau Memphis waliondoka na machaguo mawili ya raundi ya kwanza pamoja na kijana. Kwa Pau Gasol! Dallas kwa Luka walipata moja.

Mtaniuliza ningetaka nini. Ningetaka Davis, Christie, chaguo la 2029 na la 2031, na haki ya kubadilishana la 2030. Yote hayo Lakers walikuwa nayo wiki ile, tumeyaona kwa macho kwenye karatasi ya Charlotte. Pelinka akikataa, nampigia mtu wa pili, na ninahakikisha Pelinka anajua kwamba nimepiga. Ikivuja, ivuje. Tarehe 6 ikifika saa tano usiku kwa saa zetu bila jibu, nabaki na Luka mpaka kiangazi, wakati timu nyingi zaidi zina nafasi ya kununua.

Mpemba wa Wete

Na kiangazi Luka anakudai milioni 345, umpe au usimpe, na sasa anajua ulitaka kumuuza. Hiyo nyumba itakalika, yakhe? Hujanijibu hilo.

Mwalimu wa skuli, Chake Chake

Hilo la Wete ni zito, Kikwajuni, lijibu. Mimi ningemwambia Luka mapema, ana kwa ana, kwamba mkataba ule hautatoka mpaka mwili ukae sawa, nimtazame anafanya nini. Harrison aliruka hatua hiyo.

Dada wa Jang'ombe

Angempa milioni 345 zake, basi. Na nyie mnaopanga bei, Flagg naye akimaliza mkataba wa kwanza mtaniambia auzwe kwa ngapi?