Nimemaliza VETA umeme wa majumbani: nijiajiri, nijishikize kwa mkandarasi au nirudi darasani?

kijana_nkuhungu

Habari wakuu. Nina cheti cha ngazi ya pili, umeme wa majumbani. Niko Dodoma, nyumba zinajengwa kila kona, lakini mafundi nao wamejaa. Njia ninazoziona ni tatu: kuchukua kazi za mtaani mwenyewe, kujishikiza kwa mkandarasi, au kusoma mpaka diploma. Naomba majibu ya kushikika: zana za kuanzia, bei inapangwaje, leseni inaingia wapi, na kosa gani linamwangusha fundi mpya. Za "pambana tu kijana" ninazo za kutosha.

fundi_mega

Mkuu, hizo njia tatu usizichague moja. Zina foleni yake.

Anza kwa mkandarasi mwenye leseni, mwaka mmoja mpaka miwili, hata kama malipo yanafanana na posho. Cheti cha VETA kinasema umefundishwa. Leseni ya kufunga mifumo ya umeme inatolewa na EWURA (mamlaka inayodhibiti nishati na maji), na wao pamoja na cheti wanataka uthibitisho wa uzoefu. Maombi yanapita mtandaoni kwenye mfumo wao unaoitwa LOIS. Leseni zina madaraja ya herufi, na daraja lako ndilo linaloamua unaruhusiwa kugusa umeme wa ukubwa gani, kwa hiyo soma masharti ya daraja unalolenga kabla hujaanza kukusanya karatasi.

Angalia kinachotokea bila leseni. Unachimba kuta, unavuta waya, unafunga fitingi. Mteja anapoomba TANESCO wamuunganishie, fomu inataka saini na muhuri wa mkandarasi aliyesajiliwa. Mnamtafuta mtu, anasaini kazi ambayo hakuiona, analipwa kwa muhuri. Nyumba ikiungua, jina lililoko kwenye karatasi ni lake, ila mtaa mzima unajua aliyevuta waya ni nani. Mnakuwa mmeharibikiwa wote wawili.

Kwa hiyo ukiwa kwa mkandarasi, weka daftari. Kila kazi andika tarehe, mahali, fezi moja au tatu, pointi (sehemu za taa na soketi) ngapi, ulifanya kazi gani, na nani alisimamia. Kila mwisho wa mwezi msimamizi asaini. Wengi hukumbuka barua ya uzoefu siku wameshagombana na bosi.

Zana za kuanzia si nyingi: bisibisi za bapa na za nyota zenye mpini na shingo iliyofunikwa, koleo la kukatia na la mdomo mrefu, kisu, nyundo na tindo, msumeno wa chuma, futi ya mita 5, pima maji, springi ya kukunjia bomba za milimita 20, waya wa kuvutia, testa na multimita. Drili unaweza kuazima mwanzoni. Baada ya hapo, pesa ya kwanza itakayobaki inunue mega (kifaa cha kupima kama ganda la waya linavuja umeme), usikimbilie simu mpya.

Kwa nini mega? Multimita inapima ukinzani kwa betri ndogo ya ndani. Waya uliochubuka ndani ya bomba lenye unyevu utaonekana mzima kwenye multimita, halafu unavuja umeme wa 230 ukiingia. Mega inasukuma volti 500 za umeme mnyoofu. Zima meni swichi, toa balbu zote, chomoa kila kilichochomekwa, tenganisha na vitu vya kielektroniki kama swichi za kupunguza mwanga (vitakufa), kisha pima kati ya fezi (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaorudisha), fezi na erthi (waya wa ardhini), nyutro na erthi. Chini ya megaomu 1 usikabidhi. Gawanya sakiti moja moja mpaka uipate mbovu. Andika namba kwenye karatasi, mpe mteja nakala. Mafundi wanaoacha karatasi ya vipimo ni wachache mno mtaani, na wenye nyumba za kupangisha wanaziulizia.

bi_soketi

Naongezea kwenye bei, maana hapo ndipo wapya wanapoliwa.

Mtaani tunahesabu kwa pointi. Shida inaanza pale neno pointi linapobaki hewani. Andika kwenye karatasi, hata ya daftari: je, pointi ni pamoja na kuchimba ukuta? Kuziba? Kufunga fitingi? Taa moja yenye swichi mbili, ya mlangoni na ya kitandani, ni pointi ngapi? Na laini ya jiko la umeme au ya hita ya kuogea usiihesabu sawa na taa. Hita ya kilowati 7.5 inavuta karibu ampea 33, inataka waya wake peke yake, wa milimita za mraba 6 au 10 kutegemea umbali na ulivyopita, na breka ya 40. Ukiitoza bei ya taa umefanya kazi ya bure.

Malipo yaende kwa hatua: mabomba na boksi zikiwa ukutani kabla ya lipu, waya zikishavutwa, kisha fitingi na vipimo. Kipande cha mwisho kiwe cha kutosha mteja asihisi umeshamalizana naye, lakini kisiwe kikubwa kiasi kwamba akikukimbia unalala njaa. Vifaa anunue mwenyewe kwa orodha yako. Ukinunua wewe, chenji ya elfu tano italeta kesi kubwa kuliko nyumba.

Sasa hiyo orodha. Kosa la kawaida ni kupima njia na kusahau kwamba ndani ya bomba mnapita waya tatu. Chukua soketi 12, kila moja umbali wa wastani wa mita 6 kutoka kwa mwenzake, ukihesabu kupanda na kushuka ukuta. Njia ni mita 72. Ongeza asilimia 10 ya mikia ya kwenye boksi, inakuwa kama 79. Hiyo 79 ni ya fezi, na nyutro nayo 79, na erthi nayo 79. Ukiandika "rola moja ya 2.5" kwa sababu 79 ni chini ya 100, utarudi dukani mara mbili na mteja ataanza kukutilia shaka. Andika rola tatu, kila moja rangi yake.

Na ukiwa hapo dukani, omba mizani. Si utani. Shaba ya waya wa 2.5 kwenye rola ya mita 100 ina uzito wa kama kilo 2.2 peke yake, kabla ya ganda la plastiki. Rola iliyoandikwa hivyo ikija na kilo mbili kasoro, ama ni fupi, ama ni nyembamba, ama ndani kuna aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu: ikitoka rangi ya fedha, rudisha. Aluminiamu inalegea kwenye skrubu ya soketi, pakilegea panachemka, pakichemka plastiki inakuwa ya kahawia. Ukifungua soketi ukaona kahawia upande mmoja tu, mara nyingi ni skrubu iliyolegea.

Kwenye mabomba: boksi zote zijazwe karatasi za mifuko ya saruji kabla ya lipu, la sivyo mtu wa lipu atakuzibia. Kona zikizidi mbili za nyuzi 90 kati ya boksi na boksi, weka boksi ya katikati. Waya za 2.5 kwenye bomba la 20 zisizidi tano au sita. Zikigoma kupita watu hupaka sabuni ya unga na kuvuta kwa nguvu za watu wawili, ganda linachubuka, na hapo ndipo mega ya fundi_mega inapolia.

fundi_mega

Sabuni ya unga pia inabaki na unyevu. Kama ni lazima, poda ya mtoto.

fezi_tatu

Nyinyi mnamfunga kijana majumbani tu. Nyumba zina msimu: watu wakikosa hela za kumalizia, zinakaa miaka na bati bila waya. Viwanda vya kusindika alizeti, mashine za kusaga, visima vya maji na hoteli vinahitaji fundi mwaka mzima, kwa sababu mota haiungui kwa kufuata kalenda.

Ukitaka kuhamia huko, ngazi ya tatu ya VETA au diploma inaleta maana. Diploma kwa mtu wa kidato cha nne mwenye ufaulu unaotakiwa ni miaka mitatu, NTA ngazi ya 4 mpaka 6, na vyuo vya fani hii unavijua: DIT Dar, Chuo cha Ufundi Arusha, MUST Mbeya. Lakini usiende kabla hujajua kontakta (swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme) ni nini. Funga mwenyewe ubao wa mazoezi: breka, kontakta moja, ovalodi (kinga inayokata mota ikizidiwa), kitufe cha kijani na chekundu. Ukiweza kuchora sakiti ya kuwasha na kuzima yenye kujishikilia (ukiachia kitufe mota inaendelea) bila kutazama kitabu, umeshapita usaili wa nusu ya viwanda.

Swali wanalopenda kukutegea: mota ya kilowati 5.5, kwenye kibati imeandikwa ampea 11, inawashwa kwa staa-delta (inaanza kwa nguvu ndogo, kisha inahamia nguvu kamili), ovalodi utaiweka ngapi? Aliyekariri anasema 11. Kama ovalodi imekaa kwenye laini kuu kabla ya kontakta zote, sawa, 11. Lakini kwenye mabodi mengi inakaa chini ya kontakta kuu, pale umeme unapoingia kwenye koili, na hapo unazidisha kwa 0.58: kama 6.4. Ukiacha 11, mota itapata moto mpaka vanishi inukie na ovalodi haitasema kitu.

Kosa la pili: fezi moja ikikatika, mota inavuma bila kuzunguka, na mtu anairudishia tena na tena. Pima fezi zote tatu kwa klampu (kipima ampea kinachobana waya) kabla ya kulaumu mota.

Asiye na cheti lakini kazi anaijua, VETA wana utaratibu wa kumpima na kutambua ujuzi alioupata nje ya darasa. Si wa kwako, ila wapo wanaosoma hapa.

jua_kali_dom

Sola msiisahau, hasa kwa Dodoma na jua lake. Ila ni hesabu kuliko koleo.

Mfano: taa 4 za wati 9 kwa saa 5 ni 180, TV ya wati 50 kwa saa 5 ni 250, simu weka 20. Jumla wati-saa 450 kwa siku. Kwa betri ya volti 12 ni ampea-saa 37.5. Betri ya risasi ukiimaliza zaidi ya nusu unaifupishia maisha, kwa hiyo zidisha mara mbili, 75, nunua ya 100. Paneli: gawa 450 kwa saa 5 za jua kali, ni 90, kisha gawa kwa 0.7 kufidia asilimia 30 ya vumbi, joto na upotevu, unapata kama wati 130. Weka ya 150.

Kinachoharibu sifa za mafundi wa sola ni waya mwembamba. Kwenye 230 hauoni tofauti, kwenye 12 unaiona. Ampea 10, waya wa 2.5, umbali wa mita 10 kwenda na 10 kurudi: unapoteza kama volti 1.5 njiani. Mteja anasema betri imekufa, kumbe imeishia ukutani. Sogeza betri karibu na matumizi au panda mpaka waya wa 6. Na asikudanganye mtu uchukue waya wa TV moja kwa moja kwenye betri ukiruka kidhibiti chaji. Siku hiyo ndipo betri inapoanza kufa, kwa sababu hakuna wa kukata ikishuka.

Mtaji wa zana: halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, mikopo haina riba. Inapewa kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo kama mlimaliza VETA pamoja, anzeni kikundi sasa, afisa maendeleo ya jamii wa kata atawapa mlolongo.

kijana_nkuhungu

Asanteni sana wote. Naenda kwa mkandarasi, daftari limeshanunuliwa. Swali moja: soketi za ringi (waya unapita soketi zote na kurudi kwenye breka ileile) tulifundishwa ziko kwenye breka ya 32 na waya wa 2.5. Nikikuta nyumba ya zamani, nitajuaje ringi imekatika wakati soketi zote zinafanya kazi?

fundi_mega

Hapo ndipo penyewe, maana ringi iliyokatika haikwambii. Umeme unafika kila soketi kwa upande mmoja, lakini sasa waya mmoja wa 2.5 unabeba mzigo uliopangiwa pande mbili, na breka ya 32 haioni ubaya wowote.

Zima meni swichi, hakikisha kwa testa, kisha uhakikishe tena kwa multimita kwa sababu testa za bei chee zinadanganya. Toa ncha mbili za fezi za ringi hiyo kwenye breka, weka multimita kwenye omu, gusa ncha moja kwa waya mmoja wa multimita na ncha ya pili kwa mwingine. Waya wa 2.5 una karibu miliomu 7.4 kwa mita, kwa hiyo ringi ya mita 60 itasoma kama 0.44. Gusanisha kwanza nyaya za multimita zenyewe, kile zinachosoma ukitoe. Rudia kwa nyutro, kisha erthi. Nyutro isome karibu sawa na fezi. Ikiandika OL (haipati njia ya umeme), imekatika.

Usianze kubomoa ukuta. Nenda soketi moja moja, anza na zile zilizobadilishwa karibuni, maana waya mbili hukaa kwenye skrubu moja na mmoja huchomoka mtu anapoisukuma soketi kurudi kwenye boksi. Mpaka uipate, weka breka ya 20. Mwenye nyumba akilalamika kwamba inashuka akiwasha jagi, pasi na jiko la plagi pamoja, mwonyeshe hiyo OL kwenye mita.