Wade, ford au paddle: lipi linafaa kwa mtu anayepita majini kwa miguu?

Msomaji_Usiku
Wakuu, naomba msaada. Natafsiri hadithi fupi kwenda Kiingereza. Mhusika anashuka mtoni, maji yanamfika kiunoni, kambeba mtoto mabegani, anasonga mpaka ng'ambo. Kamusi imenipa "wade", "ford" na "paddle". Rafiki yangu anasema niandike "cross" tu yaishe. Nichukue lipi?

Kalamu_Nyeusi
"Wade". "Cross" si kosa, ila haimwonyeshi msomaji chochote: mwenye mtumbwi kavuka, aliyepita darajani kavuka, wote ni "cross". "Wade" inadai miguu iguse chini na maji yauzuie mwendo. Huko kuzuiwa ndiko kiini cha neno, ndiyo maana Waingereza hulitumia hata kwenye matope, theluji au nyasi ndefu. Maji yakimzidi kimo, hapo tena ni kuogelea.

Bwana_Sarufi
Naunga mkono, lakini "wade" peke yake haisemi mtu amevuka. Anaweza kuzunguka humo majini akarudi alikotoka, bado ni "wade". Kuvuka kunaletwa na "across". Ukiweka "into" anaingia, ukiweka "ashore" anatoka majini kuja nchi kavu. Tazameni ile picha maarufu ya Jenerali Douglas MacArthur akiwasili Leyte, Ufilipino, tarehe 20 Oktoba 1944, suruali imelowa. Kiingereza husema "he waded ashore". "Forded" isingekaa pale, maana hakuwa anavuka kitu. Alishuka chomboni akaelekea ufukweni.

"Ford" ni kuvuka mto mahali penye kina kifupi, na haijali unavuka kwa kutumia nini: miguu, farasi, mkokoteni. Jina Oxford lilianzia hapo hapo, kivuko cha maksai. Halafu "ford" hubeba mtendwa moja kwa moja, "they forded the river", bila kihusishi.

Fundi_Gereji
Ina maana gari haliwezi "wade"? Mbona kwenye vipimo vya magari ya nje ya barabara wanaandika "wading depth"?

Bwana_Sarufi
Wanaandika, na wako sahihi. Ni kina cha maji ambacho gari linaweza kupita bila kudhurika. Kwa magari ya kijeshi utakuta pia "fording depth", maana ni ile ile. Kwa hiyo mpaka wa mtu na gari hauko wazi kama kamusi ndogo zinavyodai. Kwenye hadithi lakini, ukisema mwanamke "forded the river" inasikika kama taarifa ya msafara.

Pwani_Mbili
Hamjagusa "paddle", nayo ndiyo yenye mtego. Kwa Mwingereza ni kutembea pekupeku kwenye maji ya kifundo cha mguu, pale ukingoni, kwa kujifurahisha. Kwa Mmarekani "paddle" ni kupiga kasia, na huko kuchezea maji ya ukingoni angekuita "wade". Hata kibwawa cha watoto, Mwingereza anakiita "paddling pool", Mmarekani "wading pool". Msomaji_Usiku, ukiandika "she paddled across", nusu ya wasomaji watamtafutia mtumbwi.

Mdau_Mpya
Samahani kuingilia, bosi wangu kaniandikia "I'm still wading through your report". Ni sifa?

Kalamu_Nyeusi
Pole, si sifa. "Wade through" kwa maandishi ni kusoma kitu kirefu kwa taabu. Ni maji yale yale yanayozuia miguu. "Wade in" iko tofauti kidogo: mtu anajitosa kwenye mabishano kwa nguvu, mara nyingi bila kualikwa.

Mdau_Mpya
Basi na ile kesi ya Marekani kuhusu utoaji mimba, Roe v. Wade ya 1973, ni mtu aliyejitosa?

Pwani_Mbili
😂 Hapana, hilo ni jina la ukoo. Henry Wade alikuwa mwendesha mashtaka wa Dallas.

Msomaji_Usiku
Nimeandika hivi: "She waded slowly through the water across the river, with the child on her shoulders and the water at her waist." Mnaionaje?

Kalamu_Nyeusi
Umeweka "water" mara mbili na kitenzi chako tayari kina maji. Ondoa "through the water". Na "slowly" pia, hakuna anayekimbia maji yakiwa kiunoni. Mimi ningeacha hivi: "She waded across the river, waist-deep, the child on her shoulders."

Bwana_Sarufi
Sawa kabisa. Kama hadithi itasomwa kwa sauti, mwambie msomaji atamke "waded" kwa silabi mbili. Akiimeza ile ya mwisho itasikika kama "weighed", na wasikilizaji watajiuliza amepima nini.