Maiti chini ya kaburi la Alice Chaucer, kanisa la Ewelme

Wadau, nimetoka kanisa la Mtakatifu Maria, kijiji cha Ewelme, Oxfordshire, Uingereza. Kaburi la Alice Chaucer, mjukuu wa mshairi Geoffrey Chaucer, limeniacha mdomo wazi. Alifariki 1475. Juu amelala mzimamzima kwa alabasta, mikono imeunganishwa kwa sala. Chini, nyuma ya matundu ya jiwe, kuna sanamu ya pili: yeye yuleyule, maiti iliyokondeana, mbavu nje. Kwa nini bibi tajiri akubali kuchongwa hivyo?

Jibu: Makaburi ya namna hii yalikuwa ya wakubwa wa karne ya 15. Waliamini roho husafishwa toharani, hivyo walitaka anayepita aguswe, apige goti na kuwaombea. Ndiyo maana Alice na mumewe, William de la Pole, walianzisha pale jirani nyumba ya maskini 13, kwa kibali cha mfalme cha 1437. Kazi ya wale wazee ilikuwa kusali. Nyumba hizo bado zina wakazi!

Jibu: Uliinama? Dari iliyo juu ya ile maiti imechorwa malaika Gabrieli akimpasha Maria habari. Ukisimama huioni, lakini maiti inaitazama usiku na mchana. Kwangu hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Na mkono wa kushoto wa ile sanamu ya juu una ukanda wa Garter, alama ya daraja la juu la mashujaa wa mfalme, heshima adimu kwa mwanamke.

Muulizaji: Sikuinama, jamani. Jumamosi narudi na tochi, nilale sakafuni.